Sita na Tisa Bila Kistari

Wewe wa rika langu uliyekulia mtaa wa Katuba, hebu pigapiga mfuko wa suruali yako hapo ulipokaa. Kimya, sivyo? Labda simu, labda ufunguo mmoja. Enzi zetu mfuko wa kaptula haukujua kunyamaza. Ulilia chaka-chaka-chaka, na mama alijua umefika hata kabla hujasukuma mlango wa uzio, kwa mlio wa vifuniko vya chupa tu. Hakukuuliza ulitoka wapi. Alisema: "Shampio ya bifuniko, karibu. Sasa maji itajichota yenyewe?"

Shampio, yaani bingwa, nilikuwa mimi. Nisamehe nikilisema mapema, lakini mtu asipojitangaza, atatangazwa na adui zake.

Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, mtu aliyeacha shule mwaka wa tano wa primere. Leo nina kenkayeri tatu mjini, nauza misumari, rangi, kufuli na mabati, na jina langu limeandikwa juu ya kila moja kwa herufi ambazo hata mtu aliyepoteza miwani anazisoma. Limeandikwa kwenye lori. Limeandikwa kwenye tangi la maji nyumbani, na mgongoni mwa viti vya plastiki tunavyoazimisha watu wakiwa na kilio. Nyumba yangu haiko Golf kwa matajiri, lakini mtu akitoka Golf akitembea kidogo tu, anafika kwangu hajatoka jasho. Na nilianza na gunia moja la samaki wakavu kutoka Kasomeno, nikiwa nimelikalia juu ya lori njia nzima lisije likapata miguu. Sijisifu. Nasema yaliyo kweli, na kweli haikosi adabu hata ikirudiwa.

Basi kabla ya misumari na kabla ya samaki, palikuwa na vifuniko.

Nakumbuka moshi wa kiwanda siku zisizo na upepo, unavyoshuka na kukuwasha koo kama mtu amewasha kiberiti ndani ya mdomo wako, nasi tunakohoa huku tunacheza. Nakumbuka king'ora cha zamu, baba zetu wakirudi na vumbi kwenye nyusi. Harufu ya bitoyo, wale samaki wa chumvi, ikikaangwa nyumba hii, sombe, majani ya muhogo, ikichemka nyumba ile, na wewe unachagua kwa pua leo utajikuta umepotea kwa mama wa nani wakati wa bukari, ugali wetu. Hakuna aliyekufukuza. Walikusogezea bakuli la maji unawe, wakakuuliza tu kama mama yako anajua. Ulisema anajua. Walijua hajui.

Kitu cha kununua hatukuwa nacho. Motokaa tulizitengeneza kwa nyaya, zikapiga kona kwa usukani mrefu kama mtu anaendesha kweli. Mtoto wa leo motokaa yake inaongea, inaimba, inawasha taa, na betri ikiisha naye anaisha, analala juu ya kochi kama amefiwa. Sisi betri yetu ilikuwa miguu.

Lakini mchezo mkubwa, wenye kichwa ndani yake, ulikuwa Nipishe. Fremu niliitengeneza mimi. Mbao za sanduku, misumari niliyoinyoosha kwa jiwe (unaona? misumari ilianza kunijua mapema), nafasi kumi na sita, nne kwa nne. Ndani vifuniko kumi na vitano, vimeandikwa namba, moja mpaka kumi na tano. Nafasi moja inabaki wazi. Unavimwaga kutoka mfukoni, unavitia ndani ovyo bila kuangalia, halafu unavisukuma kwa kidole, kimoja kimoja, kupitia ile nafasi wazi, mpaka vyote vipangike sawasawa. Kunyanyua ni marufuku. Tuliuita Nipishe kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunaviambia: nipishe, we mbili, nipishe, kuko muntu nyuma yako! Mbao tulizipaka nta ya mshumaa vifuniko viteleze. Na vilikuwa vya mviringo, basi vikiteleza vilikuwa pia vinazunguka, saba inalala chali, nne inasimama kichwa chini. Hatukujali. Tulikuwa tunasoma namba kwa shingo.

Waliokuwa na vifuniko ni mapacha wa nyumba ya pili, Mbuyi na Kabanga. Asiye wa huku nimweleze: kwa watu wa Kasai mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia kutoka ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga, imekwisha. Mama yao tulimwita Mama Mapasa, mama wa mapacha, na jina lake lingine silijui mpaka leo. Rangi nyekundu ya kucha zake ndiyo tuliyoandikia namba, na aliyeitumia bila ruhusa hakujulikana, maana kila alipomkamata Mbuyi, Mbuyi alisema yeye ni Kabanga.

Walifanana mpaka ikawa taabu. Mwalimu wetu alichoka kumpiga mmoja kwa kosa la mwingine, akamwambia Mama Mapasa afanye kitu. Mama akamfunga Kabanga kamba nyekundu mkononi. Kuanzia siku hiyo uwanja mzima wa shule ukamwita "wa kamba". Wa kamba kuja hapa, wa kamba lete mupira. Aliichukia kamba ile kuliko fimbo. Siku nyingine tulimwona Mbuyi ndiye ameivaa, kumpumzisha mwenzake. Siku nyingine wote wawili wamevaa. Siku nyingine hakuna.

Nasi watatu tulicheza Nipishe kuanzia kutoka shule mpaka namba zisipoonekana. Na hapa ndipo kilipo kiini cha habari yangu, naomba unisikilize vizuri: mchezo ule haukukataa hata siku moja. Wakati mwingine ulifika mwisho, ukakuta kila kitu kimekaa, isipokuwa kumi na nne na kumi na tano zimepishana vibaya. Hatukulia. Tulivunja safu, tukaanza tena kusukuma, na mwishowe ilikubali. Ilichukua muda, ilichukua matusi, lakini ilikubali. Na aliyeifanya ikubali upesi kuliko wote unamjua tayari.

Sasa njoo leo.

Binti yangu Plamedi anasoma mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, kwenye chuo kimoja hapa mjini. Ni mtoto mwenye akili, zimetoka upande wangu. Mwaka huu walimu wakawaambia kila mwanafunzi atengeneze mchezo mdogo wa simu, auonyeshe mbele yao Jumatatu ya mwisho. Akaja kwangu jioni moja nikiwa nakunywa chai.

"Papa, ile mchezo ya bifuniko unasemaka kila Noel, iko vipi mbele?"

Ndugu yangu, nilitaka kulia. Hadithi ile naisema kila Noeli, na kila Noeli watoto wanatazamana chini ya meza. Nikamweleza yote, nikamchorea. Akafungua mashine yake, nami nikasogeza kiti.

Sikujua kwamba jambo lile lingenikamata vile. Nilidhani mtu anaiambia mashine, "tengeneza Nipishe," nayo inatengeneza. Kumbe mashine haijui kitu.

"Papa, iko kama mutoto mugeni kabisa," akasema. "Haijue fremu ni nini, haijue kusukuma ni nini. Unaiambia: kama kaze ya pembeni iko wazi, sogea. Kama haiko wazi, ukaye pale."

"Sasa pembeni inaijua namna gani?"

Akanitazama kwa furaha, kama mtu anayeulizwa swali alilolala nalo. Akaniambia kaze, yaani zile nafasi, kwenye mashine hazikai nne kwa nne. Zinakaa foleni moja ndefu, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, kama watu kwenye bomba la maji. Jirani wa kushoto ni aliye mbele yako, jirani wa kulia ni aliye nyuma yako. Jirani wa juu na wa chini wako mbali nafasi nne. Nilikaa nikawaza jambo hilo mpaka chai ikapoa. Mtu anaweza kuwa jirani yako hapa, na kwenye foleni yuko mbali hivyo!

Aliponipa simu nijaribu, nikasukuma kidogo nikapiga kelele. Kifuniko cha mwisho wa safu ya juu kimeruka, kimetua mwanzo wa safu ya pili, ng'ambo kabisa.

"Hii imepita mu hewa!"

Plamedi akacheka mpaka akashika tumbo. Kwenye foleni wale wawili wanafuatana, basi mashine ikadhani ni majirani. Hakukumbuka kuiambia kwamba kati yao kuna ukuta. Akaongeza mstari mmoja tu: ukifika mwisho wa safu, jua pale iko mbao. Nami nikasema moyoni, mbao ile niliipiga misumari mwenyewe na hakuna kifuniko kilichowahi kuniuliza.

Jioni kadhaa tulikaa hivyo. Mama Plamedi akipita alisema, "Bale wawili bamerogwa na telefone." Tulichagua rangi nyekundu ya kucha. Tulichagua mlio, chaka-chaka. Kwa namba sita na tisa Plamedi aliweka kistari kidogo chini, ili mtu asizichanganye, nami nikaridhika, maana niliona ni nadhifu. Halafu nikaomba ombi langu. Niliomba kwamba mchezo ukifunguka, kabla ya kitu kingine chochote, litokee jina langu, na chini yake: Mchezo usiokataa kamwe.

Akakubali. Akacheza mara ya kwanza, ikakubali. Akacheza tena, ikagoma. Kumi na nne na kumi na tano zimepishana. Akavunja akapanga upya, ikagoma palepale. Usiku alikaa nayo, asubuhi nikamkuta uso umekuwa mdogo.

"Papa, nilienda kutafuta. Bantu ba mahesabu balishajua hii kintu tangu zamani sana. Ukitia namba ovyo ovyo, nusu ya mipango haitakubali hata ukisukuma miaka yote. Nusu, Papa. Njo vile iko, haina dawa."

"Dawa haikose."

"Kuko njia. Naweza kuambia ordinatere ianze na fremu yenye kupangwa, kiisha ivuruge kwa kusukuma tu, bila kunyanyua. Kama ulivuruga kwa kusukuma, utarudi kwa kusukuma. Lakini ile haiko mchezo yako. Weye unasema mulikuwa munamwaga toka mu mufuko."

"Tulimwaga."

"Na ilikubali?"

"Siku zote."

Akafunga mashine polepole, kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyoniuma.

"Papa, sisemi unasema bongo, unadanganya. Pengine ulisahau. Lakini mbele ya walimu siwezi kuandika 'usiokataa kamwe.' Batatucheka siye wawili. Na jina yako, juu ya kintu yenye haiko kweli..."

Nitakuambia kilichonipata. Nimedanganywa sokoni, nimeibiwa, nimeitwa majina, sikukosa usingizi. Siku ile nilikosa. Kwa sababu mtu asiyesoma hana diploma ukutani ya kumwambia yeye ni nani. Ana kumbukumbu zake tu. Na kama Nipishe ilikuwa inakataa nusu ya siku, nami nakumbuka haikukataa hata moja, basi yale mengine? Yale mabakuli ya maji yaliyosogezwa, je? Lile gunia la Kasomeno? Nilianza kuzipima hadithi zangu moja moja kama mtu anayegonga ukuta kusikia wapi ni tupu.

Jumamosi asubuhi, badala ya kwenda dukani, nikaenda bare ya kona kuomba vifuniko. Vijana waliokaa pale wakanicheka: mzee wa kenkayeri anaokota vifuniko, kweli nchi imeisha! Nikawaambia nyinyi endeleeni kunywa, mimi ninasubiri mabaki ya akili yenu. Nikarudi nyumbani, nikakata mbao, nikapiga fremu, nikapaka nta. Nikaazima rangi ya kucha ya mke wangu, naye akaniambia Bwana akulinde. Nikaandika namba. Mkono uliandika wenyewe, kama haujapumzika tangu kaptula.

Plamedi akaja na kiti.

"Papa, umesahau vistari. Sita na tisa."

"Hatukuwekaka vistari," nikasema, na sikufikiri zaidi ya hapo. Mkono ulisema, si kichwa.

Nikavimwaga. Nikavitia ovyo. Nikaanza kusukuma, naye amekaa mbele yangu, hacheki, hatazami simu, kidevu kimekaa juu ya ngumi. Mlio ule, ndugu yangu. Nta na rangi ya kucha, harufu hizo mbili pamoja. Vidole vyangu ni vinene sasa, lakini vilijua njia. Safu ya kwanza ikakaa. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nne.

Imegoma. Nikasikia Plamedi anavuta pumzi, anatafuta neno la kunifariji. Sikumpa nafasi. Nikavunja safu zote, kama zamani, na matusi yake, nikaanza upya. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Na mwishoni kumi na tatu ikakaa, na kumi na nne ikakaa, na kumi na tano ikateleza mahali pake kama mtoto anayerudi kuoga.

Nikainuka. Nikatembea kuzunguka uwanja wa nyumba. Nikamwita Mama Plamedi, nikaita na mlinzi.

"Papa, rudi," akasema Plamedi. "Ukae."

Alikuwa anatazama fremu kwa macho ya mtu aliyesikia hatua ndani ya nyumba tupu.

"Hii kifuniko yenye kuumizwa na kifungulio, unaiona? Iko na kovu pembeni. Mara ya kwanza ilikuwa inakaa wapi?"

"Nitajua wapi? Kifuniko ni kifuniko."

"Ilikuwa inakaa pa tisa, Papa. Nilikuwa naiangalia sababu ya ile kovu. Ilikuwa tisa. Sasa iko pa sita. Na ile ingine yenye haina kovu ilikuwa sita, sasa iko tisa. Ziligeuka wakati unasukuma. Balibadilishana nafasi na weye haukujua!"

Nikainama. Kweli. Kifuniko cha mviringo, namba isiyo na kistari. Kikizunguka nusu, sita inakuwa tisa.

Akaanza kuongea haraka, Kifaransa na Kiswahili vimeshikana mikono. Kwamba mpango ukiwa wa ile nusu inayogoma, kitu kinachotakiwa ni kubadilishana namba mbili tu, zozote mbili, basi unaingia kwenye nusu inayokubali. Na sisi tulikuwa na mbili zinazobadilishana zenyewe. Ukivunja ukaanza tena, siku moja utaokota ile nyingine kwa ajili ya nafasi ya sita, na mlango unafunguka. Siku zote. Haiwezi kukataa.

"Haikukataaka hata siku moja," akasema polepole. "Papa, ulisema kweli. Na bale ba mahesabu nabo balisema kweli." Halafu akaanza kucheka. "Shampio! Mulikuwa munaiba bila kujua!"

Mtoto wa leo, hata akikupa haki yako anaifunga pamoja na tusi.

Lakini mimi sikucheka bado. Kwa sababu alipouliza swali lililofuata, nilikuwa nimeshafika mbali.

"Nani aliamua musiweke vistari?"

Nilimwona, kama ni jana, dada yangu mkubwa, Yaya Bea, aliyesoma kwa masista na kupenda kila kitu kinyooke. Amesimama juu yetu na kile kichupa cha rangi, anataka kuweka kistari chini ya sita na chini ya tisa, comme il faut, kama inavyopaswa. Na mmoja wa mapacha amefunika vifuniko viwili kwa kiganja chake.

"Hapana, Yaya. Usibafunge kamba."

"Sasa mutajua namna gani huyu ni sita na huyu ni tisa?"

"Akikaa pa sita, iko sita. Akikaa pa tisa, iko tisa. Kwani siye banatujua namna gani?"

Yaya Bea alisema sisi ni wapumbavu, akaenda zake. Na mimi nilicheka, nikasahau. Miaka yote hii nilitembea na ubingwa ule kifuani, nikidhani ni kidole changu.

Nilimsimulia Plamedi. Akauliza, aliyefunika ni Mbuyi au Kabanga? Nauona mkono wake, kucha zake chafu, rangi nyekundu kwenye kidole gumba. Sijui kama palikuwa na kamba. Na hata ingekuwepo, kwa watoto wale kamba haikuwa ushahidi.

Wale mapacha waliondoka kwa treni. Ulikuwa mwaka ule ambao watu wazima walianza kuulizana baba yako alitoka wapi, hata watu waliokuwa wamekula bakuli moja. Watu wa Kasai wakaambiwa hapa si kwao, warudi. Sisi watoto hatukuwa tumewahi kuulizana. Nilienda stesheni na fremu kwapani, nikitaka waichukue, kukawa na watu wengi na magodoro mengi. Mmoja alitoa kichwa dirishani. Nikaita, "Mbuyi!" Akacheka. Nikaita, "Kabanga!" Akacheka zaidi. Treni ikaondoka na jibu. Nimeuliza wasafiri wengi tangu hapo, wa magari na wa ndege. Sijapata anayewajua.

Usiku ule Plamedi alifungua mashine yake, akafuta vistari. Akafanya vifuniko vizunguke vinapoteleza, kama vyetu. Kisha akanisomea alichoandika, kwa lugha ya mashine na kwa yetu.

"Nimeiambia ordinatere: ukikuta mumoja wao pa kaze ya sita, usimuulize jina. Ukikuta mumoja pa kaze ya tisa, vilevile."

"Ndio hivyo hivyo."

"Basi niweke jina yako sasa? 'Usiokataa kamwe' iko kweli."

Unanijua mimi. Nimeandika jina langu kwenye tangi la maji. Nilitazama ule ukurasa wa kwanza mwekundu, mtupu, unaonisubiri, na nilikuwa na haki nao kabisa, fremu ni yangu.

"Andika Mbuyi na Kabanga," nikasema.

"Na weye?"

"Mimi andika chini, fundi wa mbao. Lakini kwa herufi kubwa kiasi."

Jumatatu nilikaa nyuma kabisa, suti ya bluu, kiti cha mwanafunzi kinaniuma mbavu. Mwalimu mmoja wa miwani alichukua simu, akasukuma, akasukuma, ikagoma, akatabasamu kama mtu aliyejua. Plamedi akamwambia avunje aanze tena. Akavunja. Alipomaliza, na chaka-chaka ikalia ndani ya ukumbi ule wa watu waliosoma, aligeuza simu huku na huku, akauliza kwa nini sita na tisa hazina kistari, je ni kosa?

"Hapana, Mwalimu," akajibu binti yangu. "Akikaa pa sita, iko sita."

Nilitazama viatu vyangu muda mrefu.

Leo mchezo uko kwenye simu yangu, na wenzangu wa rika nawapa wacheze wakija kununua misumari. Ni mwepesi, haumwagiki, hauhitaji nta. Lakini mfukoni haulii. Na siku hizi kila kitu kimewekewa kistari chake: huyu ni wa hapa, huyu ni wa kule, huyu jina lake linaonyesha. Hata simu yenyewe kabla haijafunguka inataka kwanza uso wako, inaukagua, inahakikisha ni wewe na si mtu mwingine. Plamedi anasema haikosei. Namsikiliza akisema hivyo, nacheka peke yangu nyuma ya kaunta, kwa sababu ningetoa kenkayeri moja, ile kubwa, kuiona siku moja tu ikiwa mbele ya wale mapacha wawili, ikimfungulia yeyote kati yao atakayefika kwanza.